Sementi ya Kompani

Wapo watu ambao nyumba zao zilichomwa na moto, na wapo ambao zao zilibebwa na maji. Yangu ilichukuliwa na banki ambayo sijapata kuiona hata mlango wake. Iliichukua bila kunyanyua tofali moja, mimi nikiwa ndani nakoroga uji. Mpaka leo mtu akisifu mbele yangu sheria za wazungu, kwamba zilikuwa na utaratibu, namkubalia kwa moyo mmoja. Utaratibu zilikuwa nao, tena mwingi.

Tulikuwa Kindu, wakati wa Wabelgiji, katika kiwanda cha kukoboa mpunga kilichokuwa ukingoni mwa Lualaba, chini kidogo ya stesheni ya reli; familia za wafanyakazi tulikaa kambini, katika nyumba zake. Mwenye kiwanda alikuwa kompani. Nasema "alikuwa" kwa sababu tulifundishwa kwamba kompani ni mtu. Ina jina, ina ardhi, inashitaki na kushitakiwa, inakopa. Ila haili, haiumwi, na kwa miaka yote niliyokaa pale haikunisalimia hata asubuhi moja. Watu waliokuwa nyuma yake walikaa Ulaya, na sidhani kama wengi wao walijua kwamba mpunga una maganda.

Mume wangu, mtu wa upande wa Pangi, alikuwa fundi wa mashine ya kukoboa. Kazi hiyo aliijua kwa masikio. Tukiwa tunakula, angeacha tonge hewani, asikilize, aseme mkanda wa pili umelegea, kisha aendelee kula. Tena alikuwa hasemi uongo. Sisemi hivi kumsifu, maana aliyewahi kuishi na mtu asiyesema uongo anajua taabu yake. Dada yangu alimwuliza siku moja kama kikwembe chake kipya kinampendeza. Akakitazama, akafikiri kwa haki kabisa, akajibu, "Hapana." Dada yangu hakukanyaga kwetu miezi mitatu.

Mali yangu mimi ilikuwa moja tu, cherehani ya kukanyaga yenye miguu ya chuma, niliyoachiwa na baba. Baba alishona kanzu za waungwana wa Kindu maisha yake yote, na Mungu hakumpa mtoto wa kiume. Alipoona siku zake zimekaribia, aliita watu wawili wa msikitini akasema mbele yao kwamba cherehani ni yangu. Baba yangu mdogo hakuwapo siku hiyo, kwa hiyo yeye aliona hakuna kilichosemwa. Kila kiangazi alitoka Kasongo kuja kunijulia hali, akawa ananiuliza habari za watoto huku macho yake yamekaa kwenye cherehani. Nilishona nguo za nusu ya wanawake wa stesheni kwa cherehani ile. Ndiyo iliyonipa sauti nyumbani, na ndiyo iliyofanya nisimwombe mtu hata chumvi.

Kiangazi kimoja baba mdogo alikuja na wapagazi wawili. Mimi nilikuwa sokoni. Mume wangu alirudi kutoka kiwandani akaikuta cherehani imeshafika kizingitini, wapagazi wanabishana ni upande gani utangulie. Hakupiga kelele. Aliwapa maji ya kunywa, akainyanyua, akairudisha mahali pake, akakaa juu ya kiti mbele yake mpaka wageni wakaona jua linazama.

Wiki ile ile kiwandani walikuwa wanasimika injini mpya, na sementi ya msingi wake ilibaki kidogo. Mume wangu alimwendea bwana mkubwa wa kiwanda, Mbelgiji mnene aliyependa mbwa, akaiomba. Kalani, yaani karani wa ofisi, mtu wa Kasai ambaye alikuwa jirani yetu, alikuwapo. Bwana mkubwa alicheka akasema, "Chukua yote. Funga nguvu kama injini." Karatasi haikuandikwa. Nani angeandika karatasi kwa nusu gunia?

Jumapili mume wangu alitoboa sakafu ya baraza yetu mashimo manne, akatia bulo nne, ile misumari minene inayokazwa kwa nati, akakaza miguu ya cherehani, akaziponda ncha za bulo kwa nyundo ili nati zisirudi nyuma, halafu juu ya yote akamwaga sementi. Alipomaliza alifuta mikono, akasimama kuitazama kazi yake. Sikumbuki kumwona ametulia vile tangu tuoane.

"Sasa akitaka mashini," akasema, "abebe na nyumba."

Tulicheka sana. Wazo la mtu kubeba nyumba ya matofali kutoka Kindu lilituchekesha mpaka usiku.

Injini ile mpya kumbe ilinunuliwa kwa mkopo, na kompani ilikuwa imeweka rehani kiwanja chake pamoja na vyote vilivyoshikamana nacho. Maneno hayo, "vyote vilivyoshikamana nacho," niliyasikia baadaye kwa kalani, nikayasikia tena mara nyingi kuliko nilivyotaka. Kwa nini kompani ilishindwa kulipa, sikuelezwa. Nilichokiona ni kwamba bwana mkubwa alikwenda Ulaya kwa likizo ya miezi sita, akaondoka na mbwa wake wote, picha zake zote, na misumari iliyoshika picha hizo. Tuliambiwa tumngojee.

Tulingoja. Badala yake ilikuja karatasi ya Kifaransa, ikapigiliwa kwenye mlango wa kiwanda. Kalani aliisoma kimya, akavua kofia, akaisoma tena. Wafanyakazi na wake zao tukamzunguka.

"Banki imekamata rehani," akasema. "Kiwanja, kiwanda, mashini, nyumba za kambi. Kuanzia leo muntu asitoshe kitu, asibebe kitu. Vitauzishwa kwa mnada."

"Kompani ilikufa?" mtu akauliza.

"Haikufa. Iko muzima kule Ulaya. Ni mali yake tu njo inachukuliwa."

"Na sisi?"

"Sisi hatuko mali."

"Mungu asifiwe," akasema mama mmoja.

"Mama, ngoja mbele ya kushukuru," kalani akamwambia. "Kama tungekuwa mali, banki ingetuchunga."

Alikuwa anasema kweli tupu. Injini iliyokaa pale miezi kumi ilipewa mlinzi wa zamu mchana kutwa, isije ikapata mchubuko. Mume wangu, aliyekaa miaka kumi na minane, aliambiwa kwamba mkataba wake ni kati yake na kompani, banki hauihusu, na akiutaka mshahara wake wa miezi miwili ajiandikishe kwenye orodha na kungoja mnada. Kwa muda wote huo alikuwa kitu pekee kiwandani ambacho hakikufungwa kwa sementi, na hakuna aliyetuonya kwamba hilo lina maana.

Sasa, kwetu mtu anayehama habebi nyumba, hubeba mlango. Ukuta ni udongo na udongo uko kila mahali, lakini mlango ni mbao zilizopasuliwa kwa msumeno, ni kazi ya fundi, na wengine wamezaliwa, wameolewa na wamezika wazee wao nyuma ya mlango mmoja katika nyumba tano. Wanawake wa kambi waliposikia neno "mnada" walifanya kile ambacho mama zao wangefanya. Waling'oa milango, wakaitwika, wakaipeleka kwa ndugu zao mjini.

Baada ya siku mbili alikuja kijana wa banki, pamoja na mwandishi wa tribunali, yaani mahakama, Mbelgiji mzee mwenye miwani, na askari wanne. Wakahesabu nyumba, wakakuta matundu. Jioni hiyo milango yote ishirini na kitu ilirudi kambini kwa mstari, juu ya vichwa vya wanawake, askari mmoja mbele na mmoja nyuma, ungedhani ni bwana harusi anapelekwa. Mlango, tulielezwa, ni sehemu ya nyumba, hata ukiwa kichwani mwa mwanamke nusu saa mbali na nyumba yenyewe. Mimi nilisimama barazani kwangu nikacheka mpaka machozi, kwa kuwa mimi sikung'oa kitu. Nilikaa kando ya cherehani yangu, ambayo shahidi wake ni msikiti mzima, nikiwacheka wajinga.

Kesho yake kijana wa banki alianza kuorodhesha. Kanuni yake ilikuwa nyepesi, na nadhani ilikuwa inampendeza. Aliweka kiganja juu ya kitu, akasukuma. Kikitikisika, ni cha mtu, akichukue. Kisipotikisika, ni cha banki. Magunia ya mpunga ya watu wa Lokandu yalitikisika, wakayarudisha kwenye mitumbwi yao. Vitanda vilitikisika, vinu vya kutwangia vilitikisika. Bibi kizee mmoja aliyekuwa ameegemea ukuta alipomwona anakuja alisogea upesi, asije akasukumwa akaonekana imara.

Akafika kwangu. Akasukuma kiti, akasukuma mtungi. Akaweka kiganja juu ya cherehani, akasukuma. Akasukuma tena, safari hii kwa mikono miwili. Akainama akatazama miguu ilivyozama kwenye sementi, na uso wake ukawa wa mtu aliyeokota kitu njiani.

"Hii pia," akasema, akaandika.

"Bwana, ile njo ya baba yangu," nikamwambia.

"Baba iko wapi?"

"Alikufa."

Akanitazama kwa huruma kidogo, akaendelea kuandika.

Nilipiga kelele ambazo sizionei haya. Nilimwita mwizi, nikamwita mtoto wa mwizi, nikaishika cherehani kwa mikono yote miwili, jambo ambalo halikusaidia kwa kuwa hakuna aliyekuwa anajaribu kuibeba. Hapo ndipo nilipokumbuka maneno ya mume wangu. Alikuwa amepatikana mtu wa kubeba na nyumba. Mbelgiji mwenye miwani, ambaye hakuwa mtu mbaya, alingoja nichoke, kisha akasema kwamba mwenye madai aje mbele ya hakimu baada ya siku nane, aeleze.

Jioni kalani alikuja kutufahamisha. Alikaa kwenye kiti kile kilichotikisika.

"Hakimu hatauliza mashini iko ya nani," akasema. "Atauliza nani aliifunga, na kwa ruhusa ya nani. Kama kompani ilijua, ikatoa sementi yake, basi ni kompani njo iliifunga. Kitu kiliingia ndani ya nyumba, nyumba iko ndani ya rehani, banki inabeba yote. Kama muntu aliifunga yeye mwenyewe, mwenye nyumba bila kujua, haikuingia. Pale unaweza kuitosha na kuibeba."

"Hakuna matata basi," nikasema. Nikamgeukia mume wangu. "Utasema sementi ulinunua dukani, ukafunga bila kuuliza muntu."

Akafikiri. "Wataomba karatasi ya duka."

"Sema ilipotea."

"Sikununua, mama."

"Najua hukununua! Sema tu!"

"Mwenye duka ataitwa. Atasema hakuniuzisha." Kisha akaongeza neno ambalo kwake ndilo lilikuwa zito zaidi: "Na mimi sikununua."

Siku nane zile sitaki kuzikumbuka lakini nazikumbuka. Nilimchukia. Sitafuti neno laini, nilimchukia waziwazi, nikapika bila chumvi kwa makusudi. Nilimwambia banki imesahau kumwandika yeye, maana hata yeye ukimsukuma hatikisiki. Nilimwambia baba mdogo angalau alikuja na wapagazi kama mwizi mwenye adabu, lakini yeye aliipigilia mali yangu chini kwa ajili ya mwizi mkubwa zaidi. Alisikiliza yote. Asubuhi alikwenda kiwandani kupaka injini mafuta, bila mshahara, mlinzi wa banki akimtazama, kwa sababu, alisema, isipopakwa itashika kutu. Hilo nalo lilinitia hasira. Injini ya banki inapakwa mafuta, na cherehani ya mkewe inangoja mnada.

Siku ikafika. Tribunali ilikuwa nyumba yenye baraza pana, picha ya mfalme ukutani na benchi moja ambalo sisi hatukuruhusiwa kulikalia. Kwanza waliitwa wanaodai mishahara, wakaambiwa kwa upole kwamba sheria inawapenda sana wafanyakazi, na imewapangia nafasi nzuri kwenye mstari, na mstari utaanza kutembea mali ikishauzwa. Wakashukuru wakatoka. Halafu tukaitwa sisi. Kalani ndiye aliyewekwa kutafsiri, kwa kuwa mkalimani wa tribunali alikuwa na homa.

Mimi nilieleza habari za baba na watu wawili wa msikitini. Hakimu alisikiliza huku akichonga penseli. Kama alivyosema kalani, hakuniuliza lolote kuhusu baba. Akamwita mume wangu.

Mume wangu alisimama na kofia mkononi. Alikuwa amevaa shati nililomshonea kwa cherehani ile ile, na nilitamani alivue.

"Nani alifunga mashini chini?" kalani akatafsiri.

"Mimi."

"Bwana wa kompani alijua?"

Nilifumba macho. Nilijua jibu, kalani alijua jibu, na mume wangu alikuwa hajawahi kutoa jibu lisilokuwa jibu.

"Hapana," akasema.

Nikafumbua macho.

"Sementi ilitoka wapi?"

"Ya kompani."

Kijana wa banki akajiweka sawa kwenye kiti chake. Hakimu akaacha penseli. "Nani alikupa?"

Mume wangu akatazama mbele, juu kidogo ya kichwa cha mfalme. "Hakuna muntu alinipa," akasema. "Niliiba."

Kalani hakutafsiri. Alimtazama mume wangu, maana yeye kalani alikuwa amesimama pale pale ofisini siku ile bwana mkubwa aliposema chukua yote. Hakimu akamwuliza kwa nini ananyamaza. Basi akalisema lile neno kwa Kifaransa, polepole, na sauti yake haikuwa ya kalani tena.

Ukitaka kuona sheria imefurahi, ipe mwizi. Kila kitu kilinyooka mara moja. Hakimu akaeleza kwamba kitu kilichofungwa na mwizi bila ridhaa ya mwenye ardhi hakiwezi kuhesabiwa kuwa kimewekwa na mwenye ardhi, kwa hiyo hakikuingia katika rehani, na mwanamke huyu achukue chake, mradi sakafu irudishwe ilivyokuwa kwa gharama ya aliyeitoboa. Na kwa ajili ya sementi, siku kumi na tano gerezani, na neno liandikwe kwenye buku ya kazi. Tangu siku ile ninaijua sheria ya rehani kuliko mawakili wengi. Ukipewa kitu, ni cha banki. Ukikiiba, ni chako.

Walimpeleka kwanza kambini, askari akiwa nyuma yake, akaing'oe cherehani mwenyewe, kwa kuwa hakuna mwingine aliyeweza. Alifanya kazi ile saa tatu. Sementi yake ilikuwa nzuri mno. Nilikaa chini kando yake nikimshikia taa ya mafuta karibu na miguu ya chuma, maana baraza ilikuwa na kivuli. Mwishowe nikasema, "Baba, uliongopa."

"Ndiyo," akasema. Akapuliza vumbi shimoni. "Ni vigumu kidogo kwa kuanza."

Nilimpenda saa ile kuliko siku aliyokuja kwetu na mahari. Nilitaka kumwambia hivyo, lakini askari alikuwa anapiga miayo mbele yetu, na mimi si mwanamke wa kusema mambo hayo mbele ya Leta, ndivyo tulivyoita serikali. Yale mashimo manne aliyaziba kwa sementi niliyoikimbilia dukani. Safari hii niliomba karatasi ya duka, na ninayo mpaka sasa.

Siku kumi na tano alikata majani kando ya njia ya stesheni, ambako watu wote waliomjua kuwa haongopi walipita na kumwona kuwa ni mwizi. Nilimpelekea wali na sombe, kisamvu cha kwetu, kila mchana, zenye chumvi ya kutosha. Alipotoka, mnada ulikuwa umepita. Kiwanda kilinunuliwa na mfanyabiashara mmoja, pamoja na injini, nyumba na milango ishirini na kitu. Sisi tulipewa siku tatu kuhama. Tulihama bila mlango.

Tajiri mpya alikuwa mtu wa akili. Injini ilipokataa kuwaka aliuliza nani anaijua, akaambiwa, akamwita mume wangu. Alimsikiliza akieleza kilichoiuma, akapendezwa, akaomba buku ya kazi ili amwandike siku hiyo hiyo. Akafungua kurasa, miaka kumi na minane ya alama nzuri, akafika mwisho, penye neno lile na muhuri wake. Akaifunga taratibu akamrudishia. Alimchukua mtu mwingine, ambaye alikata mkanda wa pili mwezi wa kwanza. Mume wangu aliusikia ukikatika tukiwa sokoni. Aliacha kutafuna, akasikiliza, akaendelea kutafuna.

Na kompani, mkisikitika kwa ajili yake, haikupatwa na baya. Haikufungwa siku hata moja, wala haina buku ya kazi. Kalani alinisimulia kwamba iliandika barua kutoka Ulaya kuuliza viti vya ofisi, kwa kuwa viti, yenyewe ilikumbusha, vinatikisika.

Tukawa watu wa soko. Asubuhi mume wangu alibeba miguu ya chuma, mimi nikajitwika kichwa cha cherehani, tukaifunga pamoja chini ya kibanda cha majani. Mimi nilishona, yeye akatia vifungo. Mikono iliyokuwa inakaza injini ilijifunza kutunga uzi kwenye sindano, na vifungo vyake havikung'oka kamwe. Watu walisema nenda kwa yule mwizi, vifungo vyake vinashika.

Nilijiwekea nia moja. Nilijua bwana mkubwa yule yu hai mahali fulani, na kwamba mstari mmoja wa kalamu yake, kwamba sementi aliitoa yeye, ungefuta ule muhuri. Miaka mitatu nilikuwa nikimtafuta kwa macho kila chombo kilipofika gatini. Nilikuwa nimeshayapanga maneno.

Akaja. Alikuwa anapita kwenda upande wa mji wa Kama kwa kompani nyingine, ya dhahabu, akiwa na mbwa wapya. Alipita sokoni kununua ndizi, akamwona mume wangu na shati la mtu magotini, akafurahi kweli, akampa mkono mbele ya watu.

"Ah, fundi yangu! Na ile sementi nilikupa, ilishika?"

Nikasimama. Watu watano walimsikia, na kalani mwenyewe alikuwa anafanya kazi hatua mia kutoka pale. Kinywa changu kilikuwa kimeshafunguka. Ndipo nikaona mume wangu ameweka kiganja juu ya cherehani, ameisukuma kidogo, nayo ikatikisika. Hakunitazama. Nikaelewa kile ambacho miaka mitatu sikutaka kukielewa. Mstari ule ungemsafisha yeye, na palepale ungesema kwamba kompani ndiyo iliyoifunga cherehani, na yaliyomo katika rehani yana mwenyewe sasa, tajiri wa kiwandani, mtu wa akili, ambaye angekuja kuidai. Yeye alishahesabu hivyo tangu siku aliyosimama mbele ya picha ya mfalme.

"Ilishika sana, bwana," akasema.

Bwana mkubwa akacheka, akamwachia ndizi mbili, akaenda na mbwa wake. Nilibaki nimesimama na maneno yangu yote. Mume wangu akalinyoosha shati magotini, akaniomba uzi mweupe, nikampa.